4,294,967,297 kwa kalamu na daftari: nimefika wapi

Wiki hii namba yangu imepasuka: nimeigawanya ikawa namba mbili zinazozidishana. Sharti nililojiwekea ni lile lile: hakuna kikokotoo, hakuna simu. Ni kalamu na daftari la hesabu lenye vyumba, nikiwa steji ya tuktuk hapa Kibuye, Kisumu, nikingoja zamu.

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini namba zote za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mbili, ongeza 1) ni tasa, na kweli 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa. Inayofuata ni hii, na mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaonyesha inagawanyika kwa 641. Jibu nalijua basi. Nilitaka kulifikia kwa mkono wangu.

Namba tasa za kujaribu, yaani zilizo chini ya kipeuo chake cha pili, ni zaidi ya 6,500, nami nilishajiandaa kwa miezi. Kumbe mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kwamba kila kigawo chake ni kigawe cha 128 ukiongeza 1. Nikaziandika: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza inagawanyika kwa 3, 385 kwa 5, 513 kwa 3 tena. Zimebaki mbili tu! 257 ikaacha baki 2.

Jumatano nikagawanya kwa 641, nikapata 670,417. Kuzidisha nihakikishe, ikaja 429,737,297: tarakimu tisa, na zinatakiwa kumi. Nililala nayo. Alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza, nikaona kosa. Ukishusha 6 unapata 26, andika sifuri. Ukishusha 7 unapata 267, sifuri nyingine. Mimi niliandika moja.

Nikaanza upya. 4294 toa 3846, baki 448. Shusha 9 iwe 4489. 641 inaingia mara 7, baki 2. Nikaendelea, na kwenye tarakimu ya mwisho kabisa 448 ile ile ikarudi, ila sasa nashusha 7. 4487. Na 641 mara 7 ni 4487 kamili.

"Omera, songa, zamu yako!" Nikamwambia dereva wa nyuma yangu apite yeye.

Jibu ni 6,700,417. Je, nayo ni tasa? Kigawo chake ni kigawo cha ile kubwa pia, kwa hivyo kanuni ya 128 inaibana vile vile, na kipeuo chake hakifiki 2,589. Kwa kuwa 257 ilishakataa, namba tasa za kujaribu ni nne: 641 ikaacha 44, 769 ikaacha 120, 1,153 ikaacha 334. Leo mchana, chini ya ukurasa wa mwisho, 1,409 imeacha 622. Ni tasa.

Sasa naingia 2 kwa kipeo cha 64, ongeza 1. Huko unahesabu kwa 256, na kigawo cha kwanza, 274,177, kiko hatua ya 1,071. Nimenunua daftari la kurasa 200.