William Billings, mtunzi aliyeithamini besi

Mimi naimba sauti ya nne kanisani. Anayeimba besi anajua ilivyo: soprano wanachukua wimbo wote, sisi tunaachiwa nota tatu nne za kushikilia. Ndiyo maana William Billings, mtunzi wa Marekani wa karne ya 18, amenigusa sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1770 anashauri kwamba waimbaji wakiwa 40, ishirini waimbe besi, na ishirini waliobaki wagawane sauti za juu. Ishirini!

Alizaliwa Boston mwaka 1746. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza ngozi. Muziki alijifunza kwa sehemu kubwa mwenyewe. Mchungaji William Bentley wa Salem alimwelezea kuwa mtu mwenye mguu mmoja mfupi na jicho moja, asiyejali kabisa mwonekano wake. Mtu huyo ndiye aliyetoa The New-England Psalm-Singer, kile kitabu cha 1770, chenye tuni zaidi ya 120, kitabu cha kwanza cha muziki kutungwa chote na mzaliwa mmoja wa Marekani. Picha ya mwanzo wa kitabu ilichongwa na Paul Revere, yule fundi fedha wa mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza.

Na mapinduzi yamo kwenye nyimbo zake. “Chester” iliimbwa sana wakati wa vita, na katika beti alizoongeza mwaka 1778 anawataja majenerali wa Uingereza kwa majina. Ninayoipenda zaidi ni “Lamentation over Boston”. Ameichukua Zaburi ya 137, ile ya kando ya mito ya Babeli, akawaketisha watu wake kando ya mto wa Watertown, mji ulio jirani na Boston, wakiulilia mji wao ulioshikwa na jeshi la Waingereza. Kila nikiisoma naona ujasiri wa mtu aliyeamini Zaburi ni mali yake pia.

Tuni zake nyingine zinaanza kwa sauti zote pamoja, kisha zinakatika, halafu sauti zinaingia moja baada ya nyingine, mara nyingi besi ikitangulia, zinakimbizana mpaka zikutane mwishoni. Hakuna sauti inayokaa tu kuwasindikiza wenzake. Alisema wazi kwamba hajifungi na kanuni za utunzi za watu wengine, na ukiimba unasikia hivyo.

Inaniuma jinsi alivyoishia. Aliliomba bunge la Massachusetts limpe hakimiliki, lakini gavana Hutchinson akakataa kutia saini. Sheria ya nchi nzima ilikuja mwaka 1790, wakati wachapishaji walikwisha kuzitumia nyimbo zake bila kumlipa. Alikufa maskini mwaka 1800, akazikwa Boston Common katika kaburi lisilo na alama. Wapenda muziki wa Ulaya wakamwona mshamba.

Kusini mwa Marekani hawakumwacha. The Sacred Harp, kitabu kilichotoka Georgia mwaka 1844, kinaimbwa hadi leo na tuni zake zimo. Waimbaji wanakaa pande nne wakitazamana, anayeongoza anasimama katikati, na kabla ya maneno wanaimba kwanza fa, sol, la. Hakuna wasikilizaji, aliyekuja amekuja kuimba.

Ukurasa wa 178 wa kitabu hicho kuna tuni yake iitwayo “Africa”. Maneno yake hayaitaji Afrika popote. Billings alipenda tu kuzipa tuni majina ya mahali. Nimeiandika kwa solfa tuliyoizoea. Mwalimu wa kwaya anayeitaka aniandikie, nitamtumia sauti zote nne.