Rangi za kiangazi mlimani Isamilo

Ndugu zangu mnaoishi milimani hapa Mwanza, mvua imekata na mteremko wa nyuma ya nyumba yangu umeanza kupauka. Nataka rangi mpaka Septemba, kwa hiyo vichaka nimevichagua kwa kuangalia jua linapopiga, si kwa uzuri wake pale kwa muuza miche.

Juu kwenye mawe, penye jua la kutwa, ni bogenvilia. Ukiichungulia kwa karibu utaona ile zambarau ni majani matatu mepesi kama karatasi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Ukiimwagilia sana inajaa majani mabichi tu. Kiu kidogo ndiyo huichanusha, na kiangazi chetu kinaitosha kabisa.

Chini ya miembe haifai, inataka jua. Huko nimepanda masale, na pembeni penye mwanga wa asubuhi nimeweka krotoni, maana kwenye kivuli kizito wekundu na unjano wake hufifia, ikabaki kijani.

Lantana sikununua, japo inavutia jamani! Ndege husambaza mbegu zake kila mahali, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Jirani yangu anafuga.