Forklifti za njia nyembamba: anza na futi ya kupimia, si na bei

Ghala likijaa, wengi huongeza raki na kubana njia, halafu ndipo wanagundua kwamba forklifti waliyonayo haigeuki. Ile ya kawaida ya tani 2.5, yenye uzito wa chuma nyuma, inataka kama mita 3.5 hadi 4 ili iingie kwenye raki ikiwa imenyooka. Ya umeme yenye magurudumu matatu hujitahidi kwenye mita 3.3 hivi. Chini ya hapo tafuta mashine ya aina nyingine.

Pima njia kutoka mzigo hadi mzigo. Paleti yenye urefu wa milimita 1200 kwenye raki ya kina cha 1100 hutokeza 50 mbele na 50 nyuma, kwa hiyo njia uliyoichora 2900 ni 2800 tu. Kwenye karatasi ya vipimo vya mashine angalia mstari wa Ast. Huo ndio upana wa njia, na kwa kawaida milimita 200 za nafasi ya usalama zimeshaingizwa. Hakikisha paleti waliyoipigia hesabu inalingana na yako, na inaingizwa kwa upande uleule.

Kwa ghala nyingi mimi ningeanza na richitraki, yaani forklifti ya ndani ambayo uma wake hunyooka mbele kuchukua mzigo. Dereva hukaa kiubavu, mlingoti unateleza mbele na kurudi kati ya miguu miwili, na njia ya mita 2.7 hadi 2.9 inatosha. Zipo zinazoinua zaidi ya mita 10, ila kadiri uma unavyopanda ndivyo uzito unaoruhusiwa unavyopungua, kwa hiyo soma kibao cha uwezo kwa urefu wa raki yako ya juu kabisa. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni isikudanganye. Paleti ya chini ikiwa pana kuliko nafasi kati ya miguu, lazima iinuliwe juu ya miguu kabla ya kuvutwa, basi acha nafasi ya kutosha chini ya boriti ya kwanza. Magurudumu yake ni madogo na magumu. Uwanja wa kokoto au maungio ya zege yaliyobomoka huyamega haraka, kwa hiyo usiitume nje kushusha kontena.

Kazi ya nje na ndani kwa pamoja ni ya forklifti inayojikunja kiunoni: Bendi na Flexi za Uingereza, au Aisle-Master ya Ayalandi. Inashusha lori, inaingia yenyewe kwenye njia ya mita 1.8 hadi 2.1, na hutahitaji kununua mashine mbili. Ugumu uko kwa dereva, maana sehemu ya mbele hujipinda na nyuma hufuata kivyake. Aliyezoea forklifti ya kawaida atagonga nguzo asipofundishwa upya. Funga kinga za nguzo kabla mashine haijafika.

VNA (very narrow aisle, yaani mashine ya njia nyembamba sana) ndiyo inayotaka njia nyembamba kuliko zote, mita 1.6 hadi 1.8. Yenyewe haigeuki ndani ya njia. Uma ndio unaogeuka kushoto na kulia, huku reli au waya uliozikwa sakafuni ukiiongoza. Hapa sakafu ndiyo inayoamua. Gurudumu la kushoto likiwa chini ya la kulia kwa milimita 2, na yameachana mita 1.2, kileleni kwa mita 12 mlingoti umeshalala milimita 20, na bado haujaanza kuyumba. Pimisha zege na lichongwe kwanza. Ukilipa mashine kabla ya hapo, utaishia kuiendesha polepole kila siku. Acha pia nafasi pana mwishoni mwa njia ili ihamie njia nyingine.

Duka lenye raki fupi linatosheka na staka, mashine ndogo ya kuinulia paleti ambayo mwendeshaji hutembea nayo. Kagua paleti tu: staka ambayo miguu yake iko chini ya uma haiingii kwenye paleti yenye mbao zinazozunguka chini. Kwa hizo nunua ya miguu iliyotanuka.