Windows na Ubuntu kwenye laptopu moja: nilivyomalizana na saa, mafaili na menyu

Mchana laptopu yangu inashinda steshenari kwa dada, inaprinti na kutoa ankara za Excel, usiku narudi nayo geto najifunza programming kwenye Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Hela ya kununua ya pili hakuna, kwahiyo zote mbili zinakaa diski moja. Kuinstoo wala sio ishu, unapunguza patisheni (kipande cha diski) ya Windows, unawasha na fleshi yenye Ubuntu, inakuuliza kama ikae pamoja na Windows unakubali, basi. Kero zinaanza baadae.

Iliyonitoa jasho ni saa. Mama mmoja alikuja kuchukua ankara ya kupeleka ofisini kwao, akaiangalia weee, akasema "Mwanangu, mimi nimeswali adhuhuri ndo nikatoka nyumbani, hii karatasi mbona inasema 12:10?" Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Fundi wa jirani akadai betri ndogo ya ndani imekufa tubadilishe, nikamkatalia, maana betri ikifa tarehe inarudi miaka huko nyuma, haipungui masaa matatu kamili halafu ikatulia hapo.

Mchezo wenyewe uko hivi: kwenye ubao wa kompyuta kuna saa moja tu. Windows inaisoma kama saa ya hapa hapa, Ubuntu inaichukulia ni UTC, ile saa ya kimataifa, alafu yenyewe inajumlisha 3. Usiku Ubuntu ikipata intaneti inairekebisha saa ya ubao iwe UTC, asubuhi Windows inaisoma ilivyo, na kama huna bando la kuirekebisha ndo unaprinti ankara za saa sita. Dawa ni kuiambia Ubuntu nayo iisome kama saa ya hapa, mstari mmoja tu kwenye terminal (dirisha la kuandika amri) ya Ubuntu:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Ukiicheki baadae na timedatectl itakupa onyo refu, sehemu kubwa linahusu nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa misimu. Sisi Bongo mwaka mzima ni UTC+3, mimi nimelipotezea na sijapata shida.

Halafu mafaili. Patisheni D ndo inatumiwa na Windows na Ubuntu zote, sasa ukiwa Ubuntu unafungua doc vizuri ukitaka kusevu inagoma, inakwambia ni ya kusoma tu. Sababu ni Fast Startup. Ukibonyeza Shut down Windows haizimi kiukweli, inalala nusu ili kesho iwake haraka, ni kama mpangaji kasafiri na funguo, ndani huwezi kugusa kitu. Cha ajabu Restart ndo inaifunga mpaka mwisho kuliko Shut down. Mi nilifungua cmd (dirisha la amri la Windows) kama administrator nikaandika powercfg /h off, Fast Startup ikafa na juu yake nikapata nafasi ya GB kadhaa kwenye C, kwasababu lile faili la hiberfil.sys nalo linafutika.

Menyu ya kuchagua Windows au Ubuntu ukiwasha nayo iliwahi kupotea baada ya apdeti, ukiwasha inaenda Windows moja kwa moja. Hapo mafundi wengi watakwambia tufomati, usikubali mapema. Mara nyingi Ubuntu ipo palepale, ni mpangilio wa nani aanze ndo umebadilika. Ingia BIOS, yale mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla Windows haijawaka, kwenye boot order pandisha "ubuntu" juu ya Windows Boot Manager, sevu, toka. Ila kabla hujashika chochote huko, hasa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), angalia kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, iko on, maana inaweza kukudai ile recovery key ya tarakimu 48, na kama huna pa kuipata mafaili yako ndo basi tena. Yangu nimeinakili kwenye daftari la madeni la dukani, lile halipotei hata iweje.

Kwa sasa kilichobaki ni dada tu, akiwasha asubuhi akachelewa kuchagua kwenye menyu anajikuta Ubuntu, ananipigia "we mtoto, Excel yangu umepeleka wapi".