Unahesabu Hadi Ngapi?

Miezi yangu ya kwanza hapa Plymouth, mji wa bandari Uingereza, kila aliyenisemesha alianza na swali lile lile: unatoka wapi? Kazini, kwenye basi, hata kwa kinyozi. Swali halikuwa na ubaya, ila nikishalijibu mazungumzo yanaishia hapo. Mtu wa kwanza kuniuliza jambo jingine nilimkuta kwenye gati la mawe la Mount Batten, jioni moja ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimerusha mshipi saa mbili nzima bila kuguswa, na mzee aliyesimama hatua chache kutoka kwangu alikwisha kutoa vibua wanne. Akasogea, akakitazama chambo changu, akauliza: "Unahesabu hadi ngapi?"

Sikumwelewa. Nilikuwa nikirusha, chuma kikigusa maji tu naanza kukunja. Mzee akachukua fimbo yake akanionyesha. Chambo chake kilikuwa kipande cha chuma chenye rangi ya fedha, gramu 28, umbo la dagaa, na ndoana ya meno matatu mkiani. Alikirusha mbali, akaacha rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, wazi, uzi ukawa unatoka wenyewe, naye akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kumi na mbili uzi ukalegea: chuma kimefika chini. Akakunja, akarusha tena, safari hii akafunga rili kwenye tisa. Kisha sita. Kwenye sita fimbo ikapinda.

Hiyo ndiyo kazi yote, na mimi bado naiona ni kazi kubwa. Kibua hana lile pufu la hewa tumboni ambalo samaki wengi hulitumia kuelea, kwa hiyo anapanda na kushuka apendavyo bila kudhurika. Tena hawezi kusimama: lazima aogelee muda wote ili maji yapite kwenye mashavu yake apate kupumua. Kundi lililokuwa mita tatu chini sasa hivi, dakika kumi baadaye liko karibu na sakafu ya bahari. Unamtafuta kwa namba. Ukimpata kwenye sita, unabaki kwenye sita mpaka akukatae, ndipo unaanza upya kutoka chini. Na mara nyingi hakupigi unapovuta, anakupiga chuma kinapodondoka. Unainua fimbo kwa mkupuo, unaishusha, unakusanya uzi uliolegea, na katika ule mdondoko mfupi mkono unahisi kitu kama mlango uliogongwa mara moja.

Kibua wa huku mgongo wake ni wa kijani chenye buluu, na mistari myeusi iliyopinda kama mchanga baada ya maji kupwa. Ukimshika mkononi anatetema mwili mzima. Rangi ile haidumu, ndani ya dakika chache imefifia, kwa hiyo mimi humtazama kwanza kabla ya kufanya lolote. Kisha namuua haraka na kumlaza kwenye barafu. Barafu si anasa: kibua aliyeachwa juani hujaa histamini, na sumu hiyo haiondoki hata umpike vipi.

Kosa langu baya zaidi nililifanya wiki ya pili. Nilifunga chuma moja kwa moja kwenye uzi mwembamba, nikarusha kwa nguvu zangu zote, uzi ukakatika hewani. Chuma kikaruka kama risasi juu ya gati. Hakikumpata mtu, lakini kulikuwa na watoto pale, na usiku ule sikulala vizuri. Tangu siku hiyo mbele ya uzi naweka nailoni nene, yenye urefu wa kuizungusha mara kadhaa kwenye rili, ndiyo inayobeba nguvu ya mrusho. Fundo nalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza. Natazama nyuma kila mara, hata nikijua niko peke yangu.

Utawaona wengine hapa wakivua kwa manyoya: ndoana sita kwenye uzi mmoja, kila moja na unyoya wake. Kundi likipita wanatoa samaki sita kwa pigo moja na ndoo inajaa upesi. Mimi sipendi. Mwaka 2025 baraza la kimataifa la wanasayansi wa bahari, ICES, lilishauri uvuvi wa kibua wa Atlantiki ya Kaskazini Mashariki upunguzwe kwa zaidi ya nusu, maana wamepungua sana. Meli kubwa ndizo zinazobeba wengi, najua, lakini hilo halinipi sababu ya kujaza ndoo ya samaki nitakaowatupa kesho. Nikipata wa kunitosha, nafunga.

Kwa wenzangu mliofika karibuni: huku Uingereza kuvua baharini kwa fimbo ukiwa nchi kavu hakuhitaji leseni, ila hairuhusiwi kuwauza samaki hao. Kuna vipimo pia. Besi, yule samaki wa fedha mwenye miba mgongoni, chini ya sentimita 42 anarudishwa majini, na idadi ya kuchukua na miezi yake hubadilishwa, kwa hiyo soma tangazo la serikali la mwaka husika. Mwezi wa tisa uliopita nilimpata mmoja, magharibi, chuma kikiwa kwenye namba tatu. Nikamlaza kwenye kipimo: 41. Mzee alikuwa pembeni ananitazama, hakusema kitu. Nikamshika mkiani ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, nikangoja mpaka akajivuta mwenyewe mkononi mwangu.

Jambo moja la bandari hii nililigundua mwenyewe, wala sikuambiwa. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hujaa karibu na alfajiri na tena jioni, saa zile zile ambazo dagaa husogea ukutani na vibua huwafuata. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na bahari ikipanda kidogo, yanajaa mchana, jua kali, na samaki wanakaa mbali. Kwa hiyo kazini naomba zamu kwa kufuata mwezi, na msimamizi wangu amekwisha kuzoea. Wiki hii mvua imeuchafua mto Plym, maji ni ya kahawia na samaki hakioni chuma. Alhamisi yatakuwa yametulia, na ni bamvua. Nitaanza na kumi na mbili.