Tishari la zege lililogeuzwa bweni

Mwaka 1915 Ufaransa ilikuwa vitani, sehemu kubwa ya machimbo yake ya makaa ya mawe ya kaskazini ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Paris ilihitaji moto. Makaa yakawa yanaletwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Rouen, kisha yanapandishwa Mto Seine kwa matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo. Kwa kuwa chuma kilimezwa na vita, baadhi ya matishari hayo yaliundwa kwa zege lenye nondo. Mojawapo, la mita 70 hivi, liliitwa Liège.

Tishari la zege ni zito hata kabla halijapakiwa kitu, hivyo amani iliporudi wafanyabiashara wa mtoni hawakuwa na sababu ya kuling'ang'ania. Mwaka 1929 Jeshi la Wokovu lililinunua na kumkabidhi msanifu majengo Le Corbusier alifanye bweni la watu wasio na makazi. Gharama za ukarabati zilibebwa na Winnaretta Singer, wa ukoo wa cherehani zilezile ambazo mafundi wetu wanazikanyaga barazani hadi leo. Msanii Madeleine Zillhardt naye alichangia, na tishari likaitwa Louise-Catherine, kwa kumbukumbu ya mwenzake, mchoraji Louise-Catherine Breslau, aliyefariki mwaka 1927.

Ninachokipenda ni kwamba Le Corbusier hakushindana na chombo. Ngama, yaani tumbo la tishari lililobebea makaa, aliiacha iwe ukumbi mrefu wenye nguzo nyembamba, akapanga vitanda vya ghorofa, akafungua madirisha marefu ubavuni, na juu ya paa akaweka bustani. Pakawa na jiko, mahali pa kulia chakula na bafu. Majira ya baridi walilala humo wasio na makazi. Kiangazi walipokewa watoto. Jengo lake la Cité de Refuge, alilolijengea Jeshi hilohilo na kufunguliwa mwaka 1933, lina sifa kubwa zaidi, ila ukuta wake wa vioo visivyofunguka uliwachoma wakazi kila jua lilipokuwa kali. Mimi nalipa tishari alama za juu.

Lilifungwa mwaka 1994 kwa sababu za usalama, na mwaka 2008 likatambuliwa kuwa urithi wa kihistoria. Februari 2018 lilizama kwenye gati la Quai d'Austerlitz, jijini Paris, tena si maji yalipopanda, bali yalipokuwa yanashuka baada ya mafuriko, omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikiwa imekwama ukingoni. Lilikaa chini zaidi ya miaka miwili, hadi lilipoibuliwa Oktoba 2020. Waliolishughulikia wamekusudia liwe mahali pa maonyesho. Ningewaomba warudishe angalau safu moja ya vitanda.