Kutoka Kilindi cha Ziwa hadi Kilimani: Ziara Yangu Chuo Kikuu cha Cornell

Basi litokalo jiji la New York kwenda Ithaca huchukua kama saa tano, na sehemu kubwa ya njia ni barabara kuu na misitu. Nilikwenda msimu wa majani kupukutika, baridi ya asubuhi ikiwa imeanza kuuma. Safari yenyewe niliihesabu kuanzia pale basi lilipoanza kuteremka kuelekea mjini na Ziwa Cayuga likaonekana: jembamba, urefu wake kilomita zipatazo 60, limebanwa na vilima huku na huku. Barafu ya enzi za kale ndiyo iliyolichimba. Jina lake ni la watu wa Cayuga, wenyeji wa ardhi hiyo tangu kabla ya kuwapo mji na chuo. Juu ya kilima cha mashariki, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa maji, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoanzishwa mwaka 1865.

Nilikuwa nimekuja kwa jambo moja. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa azimio kuhusu wajibu wa vyuo katika mazingira, na tangu hapo mamia ya vyuo vimetia saini ahadi za namna hiyo. Nimezisoma nyingi. Zimeandikwa kwa ufasaha, na nyingine zinakaribia kufanana neno kwa neno. Nilitaka kuona ahadi ikiwa imegeuka chuma, maji na udongo, na nijue ni nani anayeamka usiku inapoharibika. Mpwa wangu anasoma shahada ya uzamili ya uhandisi hapo Cornell, akanitafutia nafasi katika kundi la wageni wanaotembezwa kwenye mitambo.

"Mjomba, tusianzie chuoni," aliniambia aliponipokea. "Tuanzie ziwani."

Ziwani kuna jengo la kawaida kando ya barabara ya ufukweni, ambalo ningelipita bila kuligeukia. Ndani ni pampu, mabomba manene, na safu za vibadilisha joto: sahani nyembamba za chuma, nyingi mno, zimebanwa pamoja. Upande mmoja wa kila sahani hupita maji ya ziwa. Upande wa pili hupita maji yaliyotoka chuoni yakiwa yamebeba joto la maabara, kumbi na maktaba. Hayakutani kamwe. Kinachovuka chuma ni joto peke yake. Maji ya ziwa hurudi ziwani yakiwa na joto kidogo zaidi, na maji ya chuo hupanda tena kilimani yakiwa baridi, katika mzunguko uliofungwa.

Mhandisi aliyetuongoza alituchorea ziwa ukutani kwa kidole. Bomba la kuvutia maji linakwenda zaidi ya kilomita 3 ndani ya ziwa na kufikia kina cha mita 76 hivi. Huko chini maji hukaa kwenye nyuzi 4 au 5 za Selsiasi mwaka mzima. Sababu yake ni ya kimaumbile. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika karibu nyuzi 4. Majira ya baridi maji ya juu hupoa, hushuka hadi kilindini, na kiangazi kikija yale mepesi na ya uvuguvugu huelea juu yake bila kuyafikia. Kila mwaka baridi hujaza upya ghala hilo bila kudai malipo. Mdomoni mwa bomba wameweka taa, kwa sababu kuna uduvi wa maji baridi wanaoukimbia mwanga, na bila taa wangevutwa ndani. Nilifurahi kusikia hilo kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyekumbuka uduvi alipokuwa akichora bomba alikuwa ameiamini kazi yake.

Mtambo huo ulianza kazi mwaka 2000, kwa gharama iliyokaribia dola milioni 60. Kisa chake kilianza na gesi za kwenye mashine kubwa za kupoza. Baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, gesi zinazoharibu tabaka la ozoni zilianza kuondolewa duniani, na chuo kilikuwa na mashine za zamani zilizozitumia. Njia nyepesi ilikuwa kununua mashine mpya za aina ileile. Badala yake wahandisi wa chuo wakalitazama ziwa. Umeme unaotumika kupoza majengo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Shule ya sekondari ya mji, ambayo mabomba yanapita kwenye eneo lake, nayo ikaunganishwa na kupata ubaridi huo.

Isidhaniwe kwamba wote walishangilia. Wapo wakazi na wanafunzi waliopinga kwa nguvu kabla ya ujenzi. Maji ya kilindini yana fosforasi, kirutubisho cha mwani, nyingi iliyoyeyuka kuliko ya juu, na maji hayo hurudishwa kwenye kina kifupi upande wa kusini, ambako ziwa tayari lina shida ya mwani. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Kibali cha mtambo kikaja na sharti la kupima maji, na upimaji huo umeendelea kwa miaka. Mimi naona wapinzani hao walikuwa sehemu ya uhandisi wenyewe, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote. Mradi wa mazingira unaokataa kuulizwa maswali juu ya mazingira haustahili jina lake.

Kesho yake tulipanda kilima kwa miguu, tukifuata korongo la Cascadilla. Mji huo umekatwa na makorongo yenye maporomoko ya maji, na njia inapanda kando ya mwamba uliopangika tabaka juu ya tabaka. Mpwa wangu alitembea haraka kunizidi, akanisubiri kwenye kila daraja. Upande wa kaskazini wa chuo liko korongo la Fall Creek, na humo kuna mtambo mdogo wa umeme wa maji ambao asili yake ni mwanzoni mwa karne ya 20. Unatoa sehemu ndogo tu ya umeme wa chuo. Niliupenda kwa umri wake, kisha tukasonga mbele, kwa maana jambo zito lilikuwa bado.

Jambo zito ni joto.

Mgeni akitajiwa nishati safi huwaza paneli za jua, na Cornell inazo. Shamba lake la kwanza kubwa, la megawati 2, lilifunguliwa mwaka 2014 nje kidogo ya mji, na mengine yamefuata. Watafiti wa chuo wamefuga hata kondoo chini ya paneli ili wale majani badala ya mashine za kufyekea. Lakini Ithaca ni mahali pa theluji. Kwa miezi mingi, kila bweni, kila darasa na kila banda la kuoteshea mimea linahitaji kupashwa joto usiku na mchana, na joto hilo linatoka kwenye mtambo mkuu wa nishati, ambao hupelekea majengo mvuke kupitia mabomba ya chini ya ardhi. Zamani ulichoma makaa ya mawe. Makaa yalikoma mwaka 2011, baada ya kusimikwa turbini mbili za gesi asilia, kila moja megawati 15 hivi, zinazozalisha umeme huku moshi wake wa moto ukitumika kuchemsha maji. Ufanisi wake ni mkubwa, kwa kuwa joto ambalo kwingine lingepotea kwenye bomba la moshi hapa linafika kwenye vyumba vya watu. Hewa ukaa ilipungua sana makaa yalipoondoka.

Ndipo ukaja mgogoro ambao kwangu ndio kiini cha ziara hii. Mwaka huohuo wa 2011, wanasayansi wa Cornell wenyewe, Robert Howarth, Renee Santoro na Anthony Ingraffea, walichapisha utafiti uliosema kwamba gesi inayotolewa kwenye miamba kwa kupasuliwa huvujisha methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, visimani na njiani, na kwamba uvujaji huo ukihesabiwa, gesi hiyo yaweza kuwa mbaya kwa tabianchi kuliko makaa. Kilo moja ya methani, ikipimwa kwa miaka 20, inapasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko kilo moja ya hewa ukaa (kaboni dioksaidi). Utafiti ulibishiwa vikali, ukatetewa, na mjadala ukavuka mipaka ya nchi. Lakini tazama ulipozaliwa: kwenye kilima hichohicho ambako turbini mpya za gesi zilikuwa zinanguruma. Chuo hakikuweza kujifanya hakikusikia. Ripoti yake ya mwaka 2016, iliyochambua njia za kufikia lengo la chuo la kutoongeza hewa ukaa angani, iliingiza uvujaji wa methani katika hesabu, ingawa kufanya hivyo kulifanya picha ya chuo iwe mbaya zaidi machoni pa watu. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa chuo: kukubali hesabu inayokuumiza kwa sababu mwalimu wako amekuonyesha kwamba ndiyo sahihi.

Tarehe za ahadi nazo zina historia ya kusukumana. Wanafunzi waliandamana mwaka 2001 wakidai chuo kifuate viwango vya Kyoto, yaani vya mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazopasha dunia, na uongozi ukakubali. Mwaka 2007 mkuu wa chuo wa wakati huo, David Skorton, alitia saini ahadi ya pamoja ya wakuu wa vyuo vya Marekani kuhusu tabianchi. Mpango wa kwanza, wa mwaka 2009, ulilenga chuo kiache kuongeza hewa ukaa angani ifikapo mwaka 2050. Wahadhiri waliona ni mbali mno, wakasukuma, na lengo likavutwa hadi 2035. Mwaka 2020 bodi ya chuo ikasitisha uwekezaji mpya binafsi katika makampuni ya mafuta, gesi na makaa. Kila hatua ilikuwa na mtu aliyebisha hodi kwa muda mrefu kabla ya mlango kufunguliwa.

Alasiri tulikwenda ukingoni mwa chuo, kwenye uwanja wa changarawe karibu na maegesho ya magari. Katikati ya uzio kulikuwa na kichwa cha kisima, chuma kilichofungwa kwa nati kubwa, kisichozidi kimo cha mtu kwa mengi. Chini yake kuna shimo la karibu kilomita 3. Lilichimbwa kiangazi cha mwaka 2022, kwa msaada wa fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani, lipite tabaka zote za miamba ya mashapo na kugusa mwamba mgumu wa msingi. Huko chini joto ni takriban nyuzi 80 za Selsiasi.

Kilomita 3 kuingia ziwani kutafuta baridi, na kilomita 3 kushuka ardhini kutafuta joto. Nilisimama nikiwaza hivyo huku upepo ukitupiga.

Mpango wenyewe, ambao profesa Jefferson Tester ameusimamia kwa miaka, ni kuchimba visima viwili: kimoja kitoe maji ya moto, joto lake lichukuliwe na kuingizwa kwenye mtandao wa kupasha majengo, kisha maji yarudishwe chini kupitia kisima cha pili. Maeneo yenye volkano hufanya hivyo tangu zamani. Hapa hakuna volkano, ni mwamba wa kawaida tu, kama ulivyo chini ya sehemu nyingi za dunia, na ndiyo maana matokeo ya shimo hili yatasomwa mbali sana na Ithaca. Swali gumu si joto, kwa sababu joto lipo. Swali ni kama mwamba una nyufa za kutosha kupitisha maji kwa wingi unaotakiwa, na kama unaweza kufunguliwa bila kuleta mitetemo. Shimo la kwanza ni la uchunguzi. Kazi yake ni kujibu hayo.

Mpwa wangu alinieleza upande usioonekana wa kazi hiyo. Maji ya nyuzi 80 hayawezi kuingizwa kwenye mfumo uliojengwa kwa mvuke. Lazima mabomba yabadilishwe kuwa ya maji ya moto, na ndani ya majengo vipasha joto virekebishwe vifanye kazi kwa joto la chini, jengo baada ya jengo. Chuo kimeshaanza kubadilisha baadhi ya sehemu. Hapo ndipo nilipouliza juu ya mafundi, akanipeleka kumwona mmoja.

Kazi ya fundi huyo ni kuzunguka majengo akikagua vali, vipima joto na programu zinazoendesha viyoyozi. Vali iliyokwama, alisema, inaweza kupasha na kupoza chumba kimoja kwa wakati mmoja kwa mwaka mzima, na waliomo humo wasijue, kwa kuwa hali ya hewa ndani ni nzuri. Maabara zenye makabati ya kuvuta hewa chafu ndizo zinazokula zaidi, maana kila hewa inayotupwa nje imekwisha kulipiwa kupashwa. Aliongea taratibu, kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Kwa maoni yangu, bajeti ya watu kama yeye inapaswa kusomwa kwanza, kabla ya ukurasa wa picha za paneli. Kila kilowati anayoiokoa inapunguza ukubwa wa kisima kitakachohitajika.

Jioni tulikula na wanafunzi wenzake mpwa wangu, wakabishana. Mmoja alitaka chuo kisisubiri mwamba uzungumze, kianze sasa na visima vifupi na pampu za joto. Mwingine aliona kuwa kutawanya fedha kutachelewesha yote mawili. Mpwa wangu alikuwa kati, akichora mabomba kwenye karatasi ya mezani. Mimi waliponiuliza niliwaambia wazi ninachokitaka: mwaka wa kuzimwa kwa kila turbini ya gesi uandikwe kando ya ule mwaka 2035, pamoja na jina la mtambo utakaoshika nafasi yake, ili mwanafunzi yeyote atakayefuata aweze kuuliza kwa tarehe. Yule wa visima vifupi akaomba karatasi, akaanza kuandika orodha ya majengo.